Diski ileile, kompyuta tano: kwa nini mashine za zamani hazisomeani flopi

Ukichomeka flopi, ile diski bapa ya zamani ya kuhifadhia faili, ya Amiga (kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 80) kwenye PC, PC inakaa inakoroma sekunde kadhaa halafu inakuuliza: diski hii haijafomatiwa, tuifomati? Usijibu ndiyo. Mi nilijibu ndiyo, tena kwa kujiamini kabisa nikijua ni diski tupu, kumbe ndani kulikuwa na kazi za mtu za miaka mitatu na sasa hivi hazipo tena duniani. Diski ilikuwa nzima, faili zilikuwa nzima, aliyeshindwa kusoma ni PC, ila PC haina adabu ya kusema "hii siielewi", yenyewe kitu isichokielewa inakiita kitupu.

Hiyo diski ilitoka kwenye boksi la shemeji yangu aliyekaa Ujerumani muda mrefu, alirudi na Amiga 500, Commodore 64 na draivu yake (mashine ya kusomea diski) kubwa kama tofali, na flopi kama arobaini hivi, nyingine hazina hata lebo. Huku kwetu hizi mashine wengi hatukuziona zikiwa mpya, Tanzania si unakumbuka mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, kwa hiyo wakati watoto wa Uingereza na Ujerumani wanacheza gemu kwenye C64, huku kompyuta ni kitu cha kusikia. Ndo maana maelezo ya haya mambo kwa Kiswahili ni ya kutafuta kwa tochi, na mi nilijifunza kwa kuharibu.

Sasa kinachochanganya watu ni kwamba plastiki ni ileile. Flopi ya inchi tatu na nusu ilibuniwa na Sony, Macintosh ikaichukua 1984, Atari ST na Amiga zikaichukua 1985, PC nazo zikafuata. Ungeenda dukani miaka hiyo ukanunua boksi moja la flopi kumi, ukawagawia majirani watatu wenye mashine tofauti, wote zingewafaa. Ila diski ileile ukiiweka kwenye Atari au PC inabeba KB 720, kwenye Mac inabeba 800, kwenye Amiga 880. Inawezekanaje kitu kimoja kiwe na ukubwa wa aina tatu?

Jibu ni kwamba flopi yenyewe haina sekta (vile vipande vidogo vya kuwekea data), haina faili, haina kitu. Ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa sumaku, na kichwa cha draivu kinachoweza kujua ni jambo moja tu: hapa sumaku imegeuka, hapa haijageuka. Mengine yote ni makubaliano. Kuna makubaliano ya jinsi ya kugeuza biti kuwa mageuko ya sumaku, kuna ya jinsi ya kuzipanga biti kwenye duara moja la diski, yaani traki, kuna ya jinsi ya kuandika orodha ya faili ili ujue kipi kipo wapi, na mwisho kabisa kuna makubaliano ya faili lenyewe limeandikwaje. Mtu akikwambia "flopi haisomi" hajakwambia kitu, muulize imekwama kwenye lipi kati ya hayo.

Chukua barua za zamani za Kiswahili za Lamu na Mombasa zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Karatasi ni karatasi, wino ni wino, na lugha ni hiihii unayoongea na mama yako, lakini kama ulisoma ABC tu unaona mikunjo. Na kuna mtu mwingine anasoma hizo herufi vizuri sana maana alienda madrasa ila Kiswahili hakijui, yeye anakusomea kwa sauti bila kuelewa neno. Hayo ni matatizo mawili tofauti na dawa zake tofauti. Kwenye flopi ni hivyohivyo, mwandiko ni kitu kimoja na lugha ni kitu kingine.

Tuanze na PC. Ndani ya PC kuna chipu ya flopi ya ukoo wa NEC 765, na hii chipu ni kama karani wa zamani, fomu yake ni moja tu. Inasubiri alama maalumu ipite chini ya kichwa, ikiiona inajua sekta inaanza, inasoma namba ya sekta, inasoma baiti 512, basi. Zinakaa sekta tisa kwenye kila traki, traki 80 kila upande, pande mbili, zidisha mwenyewe unapata KB 720. Kati ya sekta na sekta kuna nafasi imeachwa wazi, na haijaachwa kwa uvivu, ni kwa sababu PC inaandika sekta mojamoja na mota za draivu hazizunguki kwa kasi inayolingana kabisa, hii inakimbia kidogo ile inachelewa kidogo, sasa ukiandika upya sekta ya tano bila kuwa na nafasi pembeni utakula mwanzo wa sekta ya sita.

Amiga ikaja na akili nyingine. Yenyewe haiandiki sekta moja, inaandika traki nzima kwa mpigo mmoja, kwa hiyo zile nafasi za katikati haizihitaji, ikazifuta ikabananisha sekta 11 pale PC inapoweka tisa. Hapo ndo 880 inapotoka. Na alama za mwanzo wa sekta imezipanga kwa namna yake, ndiyo maana karani wa PC anasubiri ile alama yake, anasubiri, diski inazunguka, haoni, anakwambia diski tupu.

Lakini geuza sasa. Amiga inaweza kusoma diski ya PC! Kwa sababu Amiga haina karani, inavuta traki nzima kama ilivyo inaimwaga kwenye memori halafu programu ndiyo inachambua, na programu unaweza kuibadilisha. Kuanzia Workbench 2.1, mfumo wa Amiga wa mwaka 1992, kuna kitu kinaitwa CrossDOS kimekuja nayo, unakiwasha, draivu ileile inapata jina la pili, na diski ya PC inafunguka. Kwa hiyo ukiwa na Amiga na PC ya zamani mezani, usihangaike kuifundisha PC, peleka mzigo kwa yule anayejua lugha mbili. Watu wengi wanapoteza wikiendi nzima kwa kulazimisha upande usiowezekana.

Ila kuna mtego hapo na karibu kila mtu anaingia. Flopi utakazozikuta leo nyingi ni zile za MB 1.44, zina tundu mbili juu, moja ya kufungia usiandike na nyingine upande wa pili ya kuiambia draivu "mimi ni ya ujazo mkubwa". Amiga 500 na Atari ST za kawaida hazina macho ya kuliona hilo tundu la pili wala draivu zake haziwezi huo ujazo. Ukikopi faili kwenye diski ya 1.44 ukaipeleka Amiga hata na CrossDOS yako, imekula kwako. Lazima diski ifomatiwe kwa 720, kwenye DOS, mfumo wa zamani wa PC, unaandika format a: /f:720, na kama diski yako ina lile tundu unaliziba kwa selotepu ndo PC ikubali kuwa ni ndogo. Inafanya kazi, mi nimefanya mara nyingi, lakini unga wa sumaku wa diski kubwa unataka nguvu kubwa zaidi kidogo kuuandika, kwa hiyo usiweke humo kitu unachotaka kukikuta mwakani. Ya kuvushia faili leo leo, sawa.

Kwa zile flopi kubwa laini za inchi tano na robo usijaribu kabisa huo ujanja, tofauti ya unga wake ni karibu mara mbili. Na hizi zina balaa lingine la kimya kimya. Draivu ya KB 360 ina traki 40 pana, draivu ya MB 1.2 ina traki 80 nyembamba, kichwa chake ni chembamba nusu. Sasa diski iliyoandikwa kwenye draivu pana ukaiandika tena juu yake kwenye draivu nyembamba, ni kama kupitisha brashi ndogo juu ya mstari uliochorwa kwa brashi kubwa, katikati kuna rangi mpya, pembeni zimebaki rangi za zamani. Draivu nyembamba ikisoma inaona rangi mpya tu, inafurahi. Irudishe kwenye draivu pana, kichwa kinasoma ya zamani na mpya kwa pamoja, kinachanganyikiwa. Na wewe unaapa kwamba diski ni nzima maana umetoka kuisoma sasa hivi!

Atari ST ndiyo rahisi kuliko zote na sijui kwa nini haisifiwi. Mwandiko wake ni uleule wa PC, sekta tisa, na orodha yake ya faili ni FAT ileile ya MS-DOS. Kasoro ni kwamba Atari za mwanzo zikifomati diski hazikuandika baiti chache ambazo MS-DOS inazitafuta mwanzo kabisa wa sekta ya kwanza, PC ikizikosa inasusa. Mfumo wao wa TOS 1.04 ukarekebisha hilo. Kama yako ni ya zamani zaidi, fomati diski upande wa PC kisha ipeleke Atari, inaipokea bila maneno. Angalia tu draivu yako isiwe ile ya upande mmoja ya 360, hiyo upande wa pili wa diski haiufikii.

Kompyuta za MSX nazo ni FAT hiyohiyo, na hizi nazitaja kwa sababu ya ndugu zetu waliokulia Oman na Ghuba, huko miaka ya 80 kulikuwa na kompyuta za Sakhr, MSX yenye Kiarabu ndani, zilizouzwa na kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait. Kama nyumbani kwenu kuna flopi zake za inchi tatu na nusu kabatini, hizo PC ya zamani yenye draivu halisi ina nafasi nzuri ya kuzisoma moja kwa moja.

Mac ndiyo kichwa ngumu. Traki ya nje ya diski ni ndefu kuliko ya ndani, hilo hata mtoto anaona, lakini PC inaweka sekta tisa nje na tisa ndani, huko nje inapoteza nafasi. Apple wakasema hapana, wakafanya mota ibadilishe mwendo, kichwa kikiwa nje diski inazunguka polepole na zinaingia sekta 12, kikielekea ndani inaongeza kasi na sekta zinapungua, 11, 10, 9, hadi 8. Kasi inatoka kama mizunguko 390 kwa dakika hadi karibu 590, ukikaa karibu na Mac ya zamani unaisikia ikibadilisha sauti kama pikipiki inapandishwa gia. Ukiongeza kwamba hata biti wanazigeuza kwa utaratibu tofauti unaoitwa GCR wakati PC, Atari na Amiga wanatumia MFM, unaelewa kwa nini draivu ya PC haina la kufanya na diski ya Mac ya KB 400 au 800. Dawa yake ni kutafuta Mac ya kuanzia 1988, zile zilizokuja na draivu ya SuperDrive, hiyo inasoma diski za zamani za Mac na inasoma za PC pia, inakuwa mkalimani wenu. Na zile draivu za flopi za USB za siku hizi, za bei ya kutupa, zinajua diski za PC basi. Amiga hazijui, Mac 800 hazijui, usidanganywe na muuzaji.

Commodore 64 ni dunia yake. Draivu yake ya 1541 ni kompyuta kamili, ina prosesa yake ya ukoo wa 6502 na mfumo wake wa diski uko humohumo ndani ya chipu, C64 inatuma tu ombi kwa waya kama anayeagiza chai, "niletee faili fulani", na chai inakuja taratibu sana, baiti mia tatu au mia nne hivi kwa sekunde, gemu la KB 40 unasubiri karibu dakika mbili. Nayo inatumia GCR, traki 35, za nje zina sekta 21 za ndani 17, jumla 683 za baiti 256. Ukifungua diski tupu inakwambia 664 zipo huru, maana traki ya 18 imeshikwa na orodha ya faili. PC haiwezi kusoma hiyo kitu hata kama ina draivu ya inchi tano na robo. Kwa hiyo watu wakageuza swali: badala ya kupeleka diski ya Commodore kwenye draivu ya PC, peleka draivu ya Commodore yenyewe kwenye PC. Zamani ilikuwa kwa kebo ya kuchomeka kwenye tundu la printa, siku hizi kuna kifaa cha USB kinaitwa ZoomFloppy. Laptopu inaagiza chai, 1541 inaleta, na diski nzima inatoka kama faili moja la D64 lenye baiti 174,848, ambazo ni zilezile 683 mara 256, hakuna uchawi.

Kuna njia ya kukwepa diski kabisa, nayo ni waya. Karibu kila kompyuta ya enzi hizo ina tundu la siriali, yaani la kutuma data biti mojamoja kwa waya, au inaweza kuongezewa, unatengeneza waya wa kupishanisha, yaani pini ya kutumia ya huyu iende kwenye ya kupokelea ya yule, pini 2 na 3 zinabadilishana, na waya wa ardhi (ground) unaunganisha wote. Halafu pande zote mbili unaweka programu inayojua XMODEM, utaratibu wa mwaka 1977 unaotuma baiti 128 kwa 128 na kila kipande kinahakikiwa, kikifika kibovu kinarudiwa. Ni polepole ila waya haujali sekta wala GCR wala nani kafomati nini, unavusha faili tu. Tahadhari moja kubwa, C64 usiichomeke moja kwa moja, tundu lake linafanya kazi kwa volti 5 na siriali halisi ya PC inaweza kufika volti 12, utachoma chipu, weka adapta katikati.

Swali linalokuja hapo kila mara: sawa, nahitaji programu ndani ya Amiga ili ipokee faili, nitaiingizaje na diski ndizo zimenishinda? Hapa Amiga ina kitu kizuri sana. Ukiwa na diski ya Workbench tu unafungua shelli, dirisha la kuandikia amri, unaandika type ser: to ram:kitu, na kila kinachoingia kwenye siriali kinaandikwa kwenye faili ndani ya memori. Unatuma kijiprogramu kwa njia hiyo, unakiendesha, nacho kinapokea vikubwa. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikaa pale natazama skrini ambayo haionyeshi chochote kwa dakika kadhaa, nikabonyeza kusitisha, faili likawepo.

Lakini kwa sasa, mwaka huu, kama unataka kuokoa diski na hutaki mapenzi mengi na waya, nenda na Greaseweazle. Ni kibao kidogo cha saketi cha USB, unakiunganisha na draivu ya kawaida ya PC ya ndani, ile yenye kebo bapa, na siri yake ni kwamba kinamruka karani. Hakitafuti alama wala sekta, kinapima muda tu, kati ya mageuko haya ya sumaku na yale umepita muda gani, na kinauandika wote, uchambuzi unafanyika baadaye kwenye laptopu. Ndo maana draivu ileile ya PC iliyokuwa inasema "tupu" inasoma Amiga, na inasoma hata Mac ya mwendo wa kubadilika, kwa sababu mwendo ukiujua hesabu inajirekebisha. Unaandika gw read --format=amiga.amigados diski.adf, inakwenda traki kwa traki, na mwisho unapata faili la ADF la baiti 901,120. Ukilipeleka kwenye emuleta, programu inayoigiza mashine ya zamani, linafunguka.

Ila ADF, D64 na wenzao ni sekta tu, yaani maneno ya barua bila mwandiko. Gemu nyingi za zamani zilikuwa na kinga ya kukopi iliyofichwa kwenye mwandiko wenyewe, traki ndefu kupita kawaida, sekta mbovu za makusudi, hizo ukizivuta kama ADF kinga inabaki nje na gemu linagoma. Kwa hizo hifadhi ule upimaji mzima wa muda bila kuchambua, faili linakuwa kubwa mara nyingi zaidi lakini kila kitu kimo.

Kurudi upande wa pili, faili kutoka laptopu kwenda mashine ya zamani, toa draivu weka Gotek. Hiki ni kiboksi kinachokaa nafasi ya flopi lakini unachomeka flashi, kiliuzwa kwa ajili ya mashine za kudarizi na vinanda vya zamani ambavyo flopi zake zilishaadimika, halafu watu wa kompyuta za zamani wakakiwekea programu nyingine inayoitwa FlashFloppy na ghafla kinaongea Amiga, Atari na wengine kibao. Flashi moja inabeba mamia ya diski. Mi nakipenda, ila ile sauti ya draivu inakosekana, nyumba inakuwa kimya sana.

Umevuka yote hayo, faili liko mkononi, unalifungua. Bado! PC inamaliza mstari kwa alama mbili, Amiga kwa moja, Mac za zamani na C64 kwa moja pia lakini tofauti na ya Amiga, kwa hiyo barua nzima inaweza kuja kama mstari mmoja mrefu usioisha. C64 inakugeuzia herufi, ndogo zinakuwa kubwa na kubwa zinakuwa vituko. Programu zilizoandikwa kwa BASIC, lugha ya programu ya mashine hizo, hazihifadhiwi kama maandishi, kila amri inabanwa kuwa namba moja, na namba za Commodore si za Atari, hizo ni bora uzitoe kama maandishi kwenye mashine yake kabla ya kuzihamisha. Hapa Kiswahili kimebahatika, hakina nukta juu ya herufi wala mkia chini, hata ng'ombe ana kile kialama cha kawaida tu ambacho kila mashine inakijua.

Niliona hilo kwenye diski ya mwisho ya shemeji, isiyo na lebo. Greaseweazle ikaisoma, traki mbili tu zilisumbua nikarudia, ndani kulikuwa na faili moja la maandishi la mwaka 1991. Majina ya mitaa ya Kijerumani yalikuwa yameliwa, kila penye u yenye nukta pamekuwa alama ya kuuliza, lakini Kiswahili chote kilikuwa kimekaa vilevile: orodha ya watu anaowadai, jina na kiasi, marki kwa marki. Nikampelekea. Akaisoma taratibu mpaka chini, akaniambia wawili bado hawajalipa.